Kuchagua Dari Unapokarabati Nyumba: Mwongozo Kamili, Kuanzia Juu Kushuka Chini

Kabla hujaangalia picha yoyote ya dari kwenye simu, ingia katika chumba unachotaka kukarabati, ulale chali sakafuni, utazame juu kwa dakika kumi. Fanya hivyo asubuhi, kisha urudie usiku taa ikiwa imewashwa. Utaona mambo ambayo hujawahi kuyaona tangu uhamie: doa la kahawia kwenye kona, mstari mwembamba unaokatiza chumba, sehemu iliyobonyea kidogo karibu na taa. Hayo ndiyo mambo ya kuanza nayo.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunachagua dari kama tunavyochagua pazia. Tunaona ya mtu, inatupendeza, tunamwonyesha fundi picha, naye anatupigia hesabu. Lakini pazia likikukera unalishusha siku hiyohiyo. Dari ikikukera inakubidi uhamishe vitanda, ufunike makabati, ule vumbi wiki nzima na ulipe mara mbili. Tena dari imebanwa katikati ya mambo mawili usiyoweza kuyaepuka: kilicho juu yake na kinachofanyika chini yake. Juu kuna bati linalowaka jua, au zege, au sakafu ya mtu anayetembea na viatu. Chini kuna mvuke wa maji ya kuoga, moshi wa mapishi, au mtoto aliyelala. Ukiyasikiliza hayo mawili, orodha ya dari zinazokufaa itajipunguza yenyewe. Urembo na rangi vitafuata.

Hatua ya 1: Isome dari uliyonayo

Anza na madoa. Doa la kahawia lenye ukingo uliokolea ni maji yaliyopita, au yanayoendelea kupita. Chora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wake, andika tarehe pembeni, kisha usubiri mvua moja au mbili kubwa. Doa likivuka mstari, una kazi ya paa au bomba kabla ya kazi ya dari. Niliwahi kupaka rangi juu ya doa la namna hiyo nikiamini uvujaji ulikuwa wa zamani. Rangi ilikaa nyeupe kwa muda mfupi tu, kisha doa likarudi palepale, kubwa zaidi, na bodi ilikuwa imeshalainika. Tangu hapo sikubali mtu apake rangi juu ya doa lisilojulikana limetoka wapi.

Halafu nyufa. Ufa mwembamba ulionyooka, unaokwenda sambamba na kuta, kwa kawaida ni ungio la bodi lililofunguka, na hilo hurekebishika. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dari na kuteremka ukutani unahitaji jicho la mtu wa ujenzi, maana huenda nyumba yenyewe inasogea. Kama dari yako ni zege na unaona plasta inabanduka ikiacha nondo zenye kutu zinazochungulia, usiifunike kwa bodi. Kutu hupanua chuma, na chuma kikipanuka hulipasua zege kutoka ndani. Ukilifunika, ugonjwa utaendelea gizani. Mwite mhandisi kwanza.

Mwisho, bonyeza na ugonge. Panda ngazi imara, sukuma dari polepole kwa kiganja sehemu mbalimbali. Ikicheza, skrubu au misumari imelegea. Plasta ikitoa sauti ya utupu ukiigonga, imeachana na kilichoishika. Kama kuna kimlango cha kupandia darini, chungulia kwa tochi: tafuta mbao zilizooza, njia za mchwa, kinyesi cha popo au panya, na nyaya za umeme zilizotafunwa. Nyaya hizo ni hatari kuliko yote niliyotaja.

Hatua ya 2: Usibomoe wala kupiga msasa kabla ya kujua ina nini

Nyumba ikiwa ya zamani, hasa yenye dari ya mabamba magumu bapa yanayofanana na saruji, au rangi nzito yenye vipelevipele, kuna uwezekano wa asbesto. Ni nyuzi za madini zilizotumika miaka mingi kwa sababu hazishiki moto. Uingereza ilikamilisha kuzipiga marufuku mwaka 1999, lakini marufuku haiondoi kilichokwisha kupigiliwa darini. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuvuta nyuzi hizo.

Bamba la asbesto lililo zima na tulivu halimwagi nyuzi hovyo. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kupigwa msasa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, acha kila kitu kama kilivyo, peleka suala kwa wataalamu wanaopima, na kama nchi yako ina sheria ya uondoaji, ifuate. Mara nyingine jibu salama ni kujenga dari mpya chini ya ile ya zamani bila kuigusa, lakini uamuzi huo aufanye anayejua, kwa sababu hata kutoboa tundu la kufungia mbao ni kuigusa.

Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi, yaani madini ya ledi yenye sumu. Nyumba yenye watoto wadogo au mjamzito isipigwe msasa mkavu kabla rangi haijapimwa.

Hatua ya 3: Angalia kilicho juu ya dari

Chini ya bati tupu, adui ni joto. Bati likipigwa na jua hurusha joto chini kama jiko, na dari yoyote nyembamba itapata moto kisha ikurushie wewe. Hapa aina ya dari ina umuhimu mdogo kuliko unachoweka juu yake. Karatasi yenye uso wa alumini unaong'aa hurudisha sehemu kubwa sana ya joto la mionzi, lakini kwa sharti moja: uso unaong'aa lazima utazamane na nafasi ya hewa, angalau sentimita 2.5. Ukiibana katikati ya vitu viwili vinavyogusana, inakuwa chuma tu kinachopitisha joto. Sufi ya madini, yaani nyuzi za mawe au kioo zilizosukwa kama blanketi, ikitandazwa juu ya bodi husaidia zaidi, nayo hupunguza kelele za mvua. Pamoja na hayo, hewa ya darini iwe na njia ya kuingia kwenye kingo za paa na ya kutokea juu. Watu hutumia fedha nyingi kwenye urembo wa dari, kisha wanalala wamefungulia feni usiku kucha kwa sababu hakuna aliyefikiria kilicho juu ya bodi.

Zege likiwa juu, una bahati ya kuchagua: kulipiga plasta na kulipaka rangi, au kuning'iniza dari nyingine chini yake. Ya kwanza haikupunguzii kimo hata kidogo. Ya pili inakupa mahali pa kuficha nyaya na mabomba. Juu yake pakiwa na bafu au choo, maji yatavuja siku moja, kwa hiyo chagua dari unayoweza kuifungua bila kuivunja.

Na kama juu kuna watu, swali ni sauti. Hatua za miguu husafiri ndani ya boriti zenyewe. Kubandika bodi ya pili moja kwa moja kwenye boriti zilezile kunapunguza sauti za maongezi, lakini mishindo ya miguu itabaki. Kinachosaidia ni dari inayojitegemea, iliyoshikwa na vining'inizi vyenye mpira au fremu isiyogusa boriti, yenye sufi ya madini katikati na bodi mbili nzito chini, huku maungio ya bodi ya kwanza yakipishana na ya pili. Kama unaweza kuzungumza na jirani wa juu, zulia kwenye sakafu yake hupunguza mishindo kabla haijaingia kwenye boriti.

Hatua ya 4: Pima kimo na usawa

Chukua kipimo kutoka sakafu hadi dari kwenye kona zote nne na katikati. Usidhani zitalingana. Kisha tafuta usawa wa kweli kwa leza, au kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila povu la hewa, kwa sababu maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata sakafu ikiwa imepinda. Weka alama ya usawa huo kwenye kuta zote.

Sasa fanya hesabu ya unachopoteza. Dari ya vigae vya kuning'inia hula sentimita 10 hadi 15, maana kigae lazima kiinuliwe na kugeuzwa ndipo kitoke. Taa za kuzamishwa darini huhitaji nafasi ya sentimita 7 hadi 12 kulingana na aina. Dari yenye ngazi mbilimbili na taa za kujificha hula zaidi. Kama chumba chako kina mita 2.4 tu, ukishusha sentimita 20 utapata chumba kinachokuinamia kichwani, na feni ya darini haitawezekana tena: panga zake zisiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Katika vyumba vifupi, dari bapa isiyo na ngazi ndiyo inayopendeza. Hilo ni oni langu, na nimeona vyumba vidogo vingi vikiharibiwa na dari iliyobuniwa kwa ajili ya ukumbi.

Hatua ya 5: Linganisha aina na kazi ya chumba

*Bodi ya jipsamu.* Ni bamba la madini meupe laini lililofunikwa kwa karatasi pande zote mbili. Hii ndiyo chaguo la kwanza kwa sebule, vyumba vya kulala na korido, na ina sababu. Inatoa uso mmoja usio na mistari, inakatika kwa kisu, na haishabikii moto: karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na moto ukija hutumia nguvu zake kuyageuza mvuke kabla ya kupenya. Bamba la kawaida lina mita 1.2 kwa 2.4. Lenye unene wa milimita 9 ni jepesi na hutumika sana darini, lakini linataka mbao au chuma cha kushikilia kila baada ya sentimita 40. Likiachiwa nafasi kubwa zaidi, baada ya muda litabonyea katikati kama kitanda kilichochoka. La milimita 12.5 huvumilia zaidi, lakini karibu kilo 25 za bamba moja si za kubebwa na mtu mmoja juu ya ngazi.

Udhaifu wake ni maji. Jipsamu ya kawaida ikilowa hulainika na karatasi yake huwa chakula cha ukungu. Kwa bafu na jikoni kuna bodi zinazostahimili unyevu, nyingi zikiwa na karatasi ya kijani. Kumbuka kwamba kustahimili unyevu si kustahimili uvujaji. Bodi hiyo huvumilia mvuke, haivumilii bomba lililopasuka.

*Plasta juu ya zege.* Ikiwa zege ni zima, sioni sababu ya kuificha. Plasta hudumu, haina pa kufichia panya, na gharama yake kubwa ni mkono wa fundi. Zege laini lililotoka kwenye ubao wa fomu, yaani umbo la kumiminia zege, halishiki plasta vizuri, kwa hiyo lichongwechongwe au lipakwe gundi maalumu ya kushikiza, kisha plasta iwe nyembamba. Plasta nene darini inavutwa na uzito wake na siku moja inaanguka. Kama uso umenyooka tayari, skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha uso, ya milimita 2 au 3 inatosha.

*Mbao.* Hakuna dari yenye joto la moyo kama ya mbao zenye ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, zinazochomekana. Huficha pia kutolingana kwa kenchi, na hazihitaji skimu. Lakini mbao ni kiumbe kinachopumua: hupanuka na kusinyaa kwa upana, karibu kabisa si kwa urefu. Ubao wenye upana wa milimita 100 unaweza kubadilika kwa milimita 1 au zaidi kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Ndiyo maana ulimi usigandishwe kwa gundi ndani ya mfuo, na ndiyo maana kuna pengo la karibu milimita 10 ukutani linalofichwa na ukanda wa pembeni. Lete mbao ndani ya chumba siku kadhaa kabla ya kuzipigilia, zipangwe zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Zipakwe vanishi au rangi pande zote, mgongoni pia, kabla ya kupanda juu. Fundi akikwambia mgongo hauonekani, mwambie ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande mmoja, na hujikunja. Penye mchwa, dawa ni lazima. Na mbao huwaka, kwa hiyo sizipendekezi juu ya jiko.

*PVC.* Paneli za PVC, aina ya plastiki ngumu, ni nyepesi, zinaoshwa kwa kitambaa na sabuni, na maji hayazidhuru. Bafuni sijaona kinachozishinda. Tatizo lake ni joto. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, na chini ya bati lisilo na kizuizi cha joto utaona paneli zikipinda na rangi yake ikigeuka manjano. Pia hurefuka: paneli ya mita 4 ikipata mabadiliko ya nyuzi 30 yaweza kuongezeka milimita 6 hadi 9, kwa hiyo ncha zake ziachiwe nafasi ndani ya ukanda wa pembeni. Taa zinazotoa joto kali zisiwekwe karibu nazo. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi mara nyingi: PVC ikiungua hutoa moshi wenye gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Kwa bafu dogo ninaikubali. Kwa korido ambayo familia nzima itakimbilia moto ukizuka, nachagua jipsamu.

*Vigae vya kuning'inia*, vile vya sentimita 60 kwa 60 vinavyokaa kwenye fremu ya chuma, vinafaa palipo na mabomba mengi juu, kwenye chumba cha kazi, au sehemu yenye mwangwi, kwa kuwa vingi hutengenezwa kwa nyuzi zinazomeza sauti. Ukitaka kufika juu, unainua kigae kimoja. Sebuleni vina sura ya ofisi, na watu wachache huizoea.

*Plaiwudi na mabamba ya saruji yenye nyuzi* ya kisasa yasiyo na asbesto ni ngumu na yanafaa kwa veranda na sehemu za nje zilizo chini ya paa, ambako jipsamu haikai. Maungio yake hayafichiki vizuri, kwa hiyo yafunike kwa vipande vya mbao vyenye mpangilio ulioukusudia, yaonekane kama urembo.

Chumba kimoja kinaweza kuwa na aina yake na kingine yake. Bafu likiwa na PVC, sebule jipsamu na veranda mbao, hakuna aliyevunja sheria.

Hatua ya 6: Amua taa, feni na kimlango kabla ya bodi kupanda

Chora ramani ya dari kwenye karatasi. Weka kila taa, kila feni, feni ya kutolea mvuke bafuni, kitambua moshi. Nyaya zipite kabla ya bodi, na fundi umeme azijaribu kabla hazijafunikwa.

Feni lazima ishikwe na boriti, zege, au ubao mnene uliofungwa katikati ya boriti mbili. Kamwe isining'inie kwenye bodi, hata kama skrubu zimeingia vizuri. Si uzito wake peke yake unaotisha. Mtikisiko wa kila siku hulegeza skrubu kidogo kidogo mpaka usiku mmoja ianguke juu ya kitanda. Taa nzito ya urembo nayo ina sharti hilohilo.

Taa za kuzamishwa zikifunikwa na sufi ya juu hupata joto. Nunua zile zilizotengenezwa kufunikwa, au acha nafasi ambayo mtengenezaji ameandika.

Bafuni na jikoni, mvuke na moshi utolewe nje kabisa ya nyumba. Bomba la kutolea mvuke linaloishia darini linahamisha tatizo kutoka unapoliona kwenda usipoliona, na mbao za paa zitalipa.

Acha kimlango cha kupandia, angalau sentimita 60 kwa 60, kwenye korido au ndani ya kabati. Wengi hukikataa kwa sababu kinaharibu sura. Siku ya uvujaji wanatoboa tundu katikati ya sebule.

Hatua ya 7: Piga hesabu mwenyewe

Si lazima uwe fundi. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 kina mita za mraba 14.4. Bamba la jipsamu la mita 1.2 kwa 2.4 lina mita za mraba 2.88. Gawanya: mabamba 5 kamili. Lakini kona hukatwa na bamba moja huvunjika, kwa hiyo ongeza asilimia 10 na upandishe hadi namba nzima: mabamba 6. Ukanda wa urembo wa pembeni hupimwa kwa mzunguko: 4 + 3.6 + 4 + 3.6, mita 15.2, nao ongeza asilimia 10 kwa sababu kona za mshazari hula urefu. Mbao zenye ulimi na mfuo zihesabu kwa upana unaoonekana baada ya kuchomekana, si upana wa ubao mzima, la sivyo zitapungua siku ya mwisho.

Unapolinganisha bei za mafundi, hakikisha wote wamehesabu mambo yaleyale: kubomoa na kutupa kifusi, fremu, bodi, maungio, skimu, praima (rangi ya msingi inayotangulia), mikono miwili ya rangi, jukwaa. Bei ndogo mara nyingi ni ile iliyosahau nusu ya kazi.

Hatua ya 8: Simama pale maungio yanapozibwa

Hapa ndipo dari nzuri na mbaya zinapoachana. Fremu ikishafungwa, vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta uone kama imenyooka, kwa sababu bodi hufuata fremu, na skimu haiwezi kuficha bonde.

Bodi zipandishwe zikikatiza mbao za kushikilia, si kwenda nazo sambamba, na maungio mafupi yapishane kama matofali. Ikiwezekana, maungio marefu yafuate upande mwanga wa dirisha kubwa unakotoka, kwa kuwa mwanga unaopita kando ya ungio hauonyeshi kama ule unaolikatiza. Uelekeo wa mbao ukigongana na uelekeo wa mwanga, uimara utangulie.

Skrubu zikae kila baada ya sentimita 15 hadi 20, zisikaribie ukingo chini ya sentimita 1, na kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi. Skrubu iliyochana karatasi haishiki kitu. Iongezewe nyingine pembeni.

Kila ungio liwekewe tepu. Puti, ile rojo ya kuzibia maungio, bila tepu itapasuka, hata iwe ya bei gani. Mkono wa kwanza wa puti huizamisha tepu, wa pili hupanuka hadi sentimita 20, wa tatu hadi 30, na kila mmoja ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Fundi anayemaliza mikono mitatu kwa siku moja kwa puti ya kukauka kwa hewa anakuuzia nyufa za mwezi ujao. Hapo usione haya kusema, "Fundi, tusubiri hadi kesho."

Kabla ya rangi, zima taa usiku, shika tochi karibu kabisa na dari na uimulike kwa ubavu. Kila mkwaruzo na kila kichwa cha skrubu kitatupa kivuli. Weka alama ya penseli, si ya kalamu ya wino, maana wino hupenya rangi. Mpe fundi orodha kabla hujamlipa awamu ya mwisho.

Hatua ya 9: Rangi

Plasta mpya ya saruji iachwe wiki 4. Saruji mbichi ina alkali kali inayoila rangi ya mafuta na kuitoa kama ngozi. Ikishakauka, tumia praima inayostahimili alkali. Skimu ya jipsamu nayo ikauke hadi iwe na weupe mmoja bila mabaka meusi, kisha mkono wa kwanza wa rangi ya maji uongezwe maji kidogo kama kopo linavyoelekeza, ili uzame badala ya kukaa juu kama utando.

Bodi za jipsamu zipakwe praima uso wote, si kwenye maungio peke yake. Karatasi na puti hunywa rangi tofauti, na ukiiruka praima, mistari ya maungio itaonekana hata kama iko sawa kwa mkono. Doa la maji lililokwisha kukauka, chanzo chake kikiwa kimezibwa, lipakwe kwanza praima ya mafuta inayozuia madoa. Rangi ya maji peke yake huliyeyusha doa na kulipandisha juu.

Kuhusu mng'ao: kadiri rangi inavyong'aa ndivyo inavyoonyesha kasoro. Kwa sebule na vyumba vya kulala, chagua isiyong'aa kabisa. Jikoni na bafuni kubali mng'ao kidogo, kwa sababu utahitaji kufuta mafuta na kuzuia ukungu, na hapo ndipo kazi ya maungio itakapojaribiwa. Rangi nyeupe au nyeupe iliyotulia hurudisha mwanga chini. Rangi nzito hushusha dari kwa macho, jambo linalopendeza chumba kirefu kwenda juu na kuumiza kifupi.

Paka ukianzia upande wa dirisha kurudi nyuma, ukingo ukiwa bado mbichi unapoungana na mpito unaofuata. Ukisimama katikati ya dari kwenda kula, mstari huo utauona kwa miaka.

Kazi ikiisha, hifadhi vipande viwili vya bodi vilivyobaki au paneli chache za akiba, pamoja na kopo la rangi lililofungwa vizuri lenye jina, namba ya rangi na tarehe. Picha za nyaya na fremu, zilizopigwa kabla ya kufunikwa, zihifadhi pamoja na risiti. Kisha subiri mvua kubwa ya kwanza, panda kwenye kimlango na tochi, uangalie kila kona.